Kazi ya Iyula kwa Laki Mbili na Themanini

Naanza kwa kuwaomba radhi. Nimeishia darasa la saba, mwandiko wangu unapanda na kushuka, na kuna maneno nayaandika jinsi ninavyoyasikia. Ukurasa mmoja unanichukua mchana mzima wa Jumapili. Lakini Bosi wa karakana amesema mimi niliyeacha kazi niwaandikie nyinyi mnaoanza, niwaeleze tulivyokuwa tunapanga bei za kazi za kompyuta za mkataba, yaani zile ambazo hujaajiriwa: unaitwa, unafanya, unalipwa, unaondoka. Mkikuta neno limekosewa, lirekebisheni kimoyomoyo mwendelee.

Niliingia karakana ya Bosi pale Tunduma nikiwa na miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza hakuniuliza ninajua nini. Alinipa brashi ya rangi na kipulizio, akanionyesha kompyuta kumi na moja za ofisi moja ya mpakani, akasema nitoe vumbi lote ndani. Vumbi la malori linaingia kila mahali, feni za ndani zinasimama, mashine inapata joto na kujizima yenyewe. Saa kumi akaja.

"Dogo, hiyo kazi ungemtoza mtu shilingi ngapi?"

"Bure tu, Bosi. Ni vumbi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Basi wewe utakufa maskini, na sisi utatuua pamoja na wewe."

Ndipo akanifundisha kwamba bei ya fundi ina vipande vitatu. Cha kwanza ni ya mkono, yaani ufundi wenyewe. Cha pili ni ya njia, nauli na muda unaopotea barabarani. Cha tatu alikiita ya lawama: mteja atakupigia wiki ijayo aseme printa haitoi karatasi tangu ulipoigusa, na utarudi, hata kama ni yeye aliyechomoa waya. "Ya lawama usiipunguze kamwe," alisema. "Hiyo ndiyo inayokula watu."

Niliyaelewa yote. Tatizo langu lilikuwa mdomo. Nina aibu tangu utotoni. Nikitaja bei, naona kama nimemtukana mtu.

Miezi miwili baadaye akaja Jestina. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kusomea kompyuta Mbeya kwa mwaka mmoja. Nisiseme uongo, tangu siku ya kwanza sikumpenda. Mimi niliyefika kabla yake nilikuwa bado napiga windo, yaani kufuta mashine na kuipakia mfumo upya, na yeye tayari anatumwa kutandaza nyaya za mtandao maofisini. Kuna mama mfanyabiashara kutoka upande wa Nakonde, kila akileta kompyuta yake alisimama mlangoni akiuliza, "Ba Jestina bali kwi?" akitaka kujua Jestina yuko wapi. Mimi nimekaa, mikono mitupu. Siku moja alimngoja saa mbili nzima kuliko kunipa mimi.

Ufundi wake haukunizidi sana. Kilichonizidi ni namna yake ya kutaja bei. Alikuwa anasema, "Laki moja na ishirini," halafu ananyamaza. Anamtazama mteja usoni kwa upole, wala hakohoi. Mteja anahangaika mwenyewe, anazunguka, anacheka, mwishoni anasema sawa.

Mimi je? Meneja wa ofisi moja ya uwakala wa forodha aliniita kuunganisha kompyuta tano zitumie printa moja. Akaniuliza kiasi gani.

"Elfu themanini," nikasema. Akawa anatafuta kalamu. "Lakini hata sitini inawezekana." Akaipata kalamu. "Au ukiwa na hamsini, bosi wangu, mimi nafanya."

Akaniangalia. "Kijana, mimi hata sijafungua mdomo. Unabishana na nani?"

Ofisi nzima ilicheka. Nilifanya kwa hamsini. Mwezi uliofuata walipotaka kuongeza kompyuta nyingine walimwita Jestina, maana Meneja alisema anataka fundi anayejua thamani ya kazi yake.

Kisha Bosi akanipeleka Saza, kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu, kufunga kamera. Mwenye mtambo alitaka bei ya siku. Kwa aibu ya kuonekana nimesimama, nilikimbia na kazi bila kula, kazi ya siku nne nikaimaliza kwa mbili, nikalipwa siku mbili. Wiki hiyohiyo Jestina alifunga kamera kama zile kwenye mtambo wa jirani. Yeye alitaja bei ya kazi nzima, akamaliza kwa siku mbili vilevile, akalipwa mara mbili yangu. Tulirudi Tunduma gari moja. Alininunulia mahindi ya kuchoma njiani, nikayala kwa hasira.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko Iyula kilitaka fundi wa kuweka kompyuta tatu na printa za risiti, ili mkulima akipima kahawa yake apewe karatasi iliyochapwa badala ya ile ya kuandikwa kwa mkono. Walitaka kila fundi alete kotesheni, yaani karatasi ya kueleza kazi na bei yake. Baba yangu anauza kahawa yake kwenye mzani huohuo. Nilipofikiria Jestina akiinama kwenye zile mashine huku baba yangu amesimama kwenye foleni akimtazama, nilikosa raha ya kula.

Nilikwenda steshenari kuchapa kotesheni yangu. Naandika polepole, dada wa pale akachoka kuningoja, akaniambia nikae nichape mwenyewe. Mnajua kompyuta za steshenari: kila barua ya mji mzima imebaki kwenye kioo. Katikati ya barua za kuomba kazi nikaona faili limeandikwa Jestina Iyula.

Nilifungua. Ufundi, laki nne. Usafiri wa safari tatu, elfu tisini. Kufundisha makarani wawili, laki moja na kumi. Ufuatiliaji wa miezi mitatu, laki moja na themanini. Jumla laki saba na themanini. Huo ufuatiliaji ulikuwa ni ile ya lawama, umevaa nguo za ofisini tu.

Niliangalia nyuma yangu. Hakuna aliyejali. Nikafuta jina lake nikaweka langu. Nikafuta ufuatiliaji. Nikafuta kufundisha. Ufundi nikaweka laki mbili na nusu, usafiri safari moja, elfu thelathini. Chini ya jumla nikaongeza: kazi kamili. Nikachapa, nikatia kwenye bahasha, nikampa bodaboda.

Siku ya tisa Jestina akaja mezani kwangu asubuhi, Bosi akiwa nje anaongea na dereva wa lori. Akakaa.

"Hongera. Umepata ya Iyula. Katibu wao amenipigia."

"Amekupigia wewe?"

"Amepiga namba iliyo chini ya karatasi yako."

Nilihisi masikio yanawaka. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu, namba ya simu nikaiacha.

"Ulimwambiaje?"

"Nimwambie nini? Kwamba tuna fundi hana hata namba yake mwenyewe? Nimesema nitafikisha ujumbe. Wanakutaka Alhamisi." Akainuka, kisha akageuka. "Katibu amenisomea karatasi yako. Ufuatiliaji umefuta. Nani atarudi huko mashine zikigoma?"

"Mimi."

"Bure?"

Sikujibu.

"Ona," akasema, "leo umeweza kunyamaza."

Hakumwambia Bosi, hata siku moja. Hilo nalo lilinichoma, maana angesema ningepata sababu ya kumchukia.

Alhamisi nilikwenda bila kumwambia Bosi, nikafunga mashine, zikawaka. Niliondoka nikijiona mwanaume. Jumatatu simu. Makarani hawakuwa wamefundishwa, mmoja alichomoa printa ili achaji simu yake. Nikarudi. Ijumaa umeme ulicheza, mashine moja ikafa. Nikarudi. Nilirudi mara kumi na moja kwa nauli yangu. Nilipomgusia Katibu, mzee mwenye miwani na sauti ya taratibu, habari ya nauli, alitoa karatasi kwenye jalada.

"Mwanangu, hapa umeandika kazi kamili. Imekamilika?"

"Bado, mzee."

"Basi kamilisha."

Siku iliyonishinda ni ya msimu kupamba moto. Foleni imefika barabarani, magunia chini, risiti hazitoki. Mama mmoja akapaza sauti, "Huyu fundi mmemwokota wapi?" Na baba yangu alikuwa mtu wa nne kwenye foleni. Akasogea mpaka karibu na meza, akaniinamia.

"Usiwaambie wewe ni mwanangu," alisema, "mpaka risiti itoke."

Watu walicheka, na yeye alicheka kidogo. Risiti ilitoka saa nane. Lakini alikuwa ameshaondoka, ameacha gunia lake kwa jirani.

Hayo yangekuwa yangu peke yangu ningenyamaza. Ila bei inatembea, wadogo zangu. Vyama viwili vya jirani vilimwita Jestina, vikamwambia, "Iyula wamefanyiwa kwa laki mbili na themanini, wewe saba na themanini ni ya nini?" Vyote viwili alivikosa. Shule moja ikamwambia Bosi hivyohivyo. Bosi akawa anazunguka karakana akiuliza, "Ni nani huyo amefanya kazi nzima kwa hela hiyo?" Jestina alikuwa anakaza nati kwenye kasha la kompyuta. Hakuinua kichwa. Mwezi ule Bosi alipunguza posho ya kila mtu, na Jestina alikuwa anamlipia mdogo wake ada.

Nilitaka kumwomba msamaha. Nilishindwa kwa aibu, na kwa wivu pia. Kila nikikaribia, simu yake inaita, mteja.

Msimu wa pili ulipokaribia, Katibu aliniita Iyula tuandikishane mkataba mpya. Alikuwa ameshaandika kila kitu, bei ileile. Akanisogezea kalamu.

"Mzee," nikasema, "ile bei haikuwa ya kweli. Sikuipanga kwa kazi. Niliipanga ili mwenzangu akose."

Akavua miwani. "Ya kweli ni ngapi?"

"Laki saba na themanini."

Nikaufunga mdomo. Kuku waliingia ofisini, wakatoka. Jasho likanitiririka mgongoni, na maneno "lakini hata laki nne" yalinifika kwenye meno nikayauma.

"Kwa hela hiyo," Katibu akasema mwishowe, "si bora nimchukue yule binti aliyepokea simu? Siku moja printa ilipogoma nilimpigia tena, akanieleza namna ya kuiwasha, na kazi haikuwa yake."

Akampigia mbele yangu. Walielewana kwa laki saba na themanini, hakupunguza hata senti. Baada ya hapo vile vyama viwili vya jirani navyo vilimwita kwa bei hiyohiyo, na shule ikamrudia Bosi. Bei ilirudi mahali pake. Mimi ndiye niliyeirudisha, na yeye ndiye aliyelipwa.

Nilistaafu mwaka huohuo, nikiwa na miaka ishirini na sita. Bosi alicheka neno hilo, lakini silioni jingine. Sasa nalima kahawa na baba yangu. Nikikaa nafikiri, naona bei ya haki si kitu cha kuficha kwenye bahasha. Ingefaa mafundi wote wa Tunduma hadi Vwawa wakae waijue, kisha washindane kwa kazi. Nilitakiwa kujua hilo mapema.

Msidhani wivu umeisha. Kila nikipima kahawa Iyula, printa inatoa risiti kabla sijashusha gunia la pili. Naipeleka nyumbani, naikagua jina, kilo, tarehe, natafuta kosa la Jestina. Bado sijapata. Nyinyi mnaofanya naye kazi, mkimwona amekosea hata kitu kidogo, niandikieni, bahasha mwachieni Katibu. Na asipokosea, niandikieni vilevile mniambie sasa anatoza kiasi gani, maana kumuuliza mwenyewe naona aibu.