Anayemdai Marehemu Aje Kwangu

Siku tuliyomzika kaka yangu niliombwa niseme yale maneno yanayosemwa kwenye kila maziko. Baba yetu alishatangulia, na kaka hakuwa na ndugu mwingine wa kiume isipokuwa mimi. Shehe alinigusa bega. Nikasimama kando ya kaburi, viatu vikiwa mkononi, nikasema kama kuna mtu anamdai marehemu, au kuna jambo lolote aliloahidi akawa hajalitimiza, asione haya, aje kwangu. Hilo la ahadi niliongeza mwenyewe. Hakuna aliyenituma.

Watu wengi husema maneno hayo na hakuna anayekuja. Au anakuja mmoja, na jambo lake linamalizwa palepale msibani. Mimi nilisahau kaka yangu alikuwa fundi wa namna gani. Alitengeneza friji eneo la Gerezani, jirani na Kariakoo, kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila alipomaliza kazi alimwambia mwenyewe, "Ikisumbua nirudishie, wakati wowote." Hakuandika popote. Hakusema miezi sita wala mwaka. Wateja walimpenda kwa neno hilo.

Nilifungua banda letu siku ya nne. Kwa miaka tisa nilikuwa nikifanya kazi chini yake. Pasi, blenda na mashine za kufulia zilikuwa zangu. Kwenye friji mimi nilichomelea mirija na kujaza gesi, lakini kujua ugonjwa ilikuwa kazi yake. Aliweka kiganja juu ya kompresa, akanyamaza kidogo, kisha akasema tatizo liko wapi. Mimi nikiweka kiganja nasikia joto tu.

Sikufungua kwa nia ya kubaki. Mke wangu alikuwa Kilwa Masoko na watoto wetu wawili, alikokwenda kumuuguza mama yake, na kiwanda kidogo cha barafu kilichokuwa karibu na wanakoshushia samaki kilikuwa kinataka fundi wa mashine zao. Msimamizi alikubali kunisubiri mpaka arobaini ya kaka ipite. Nilikuwa nimeitamani kazi hiyo tangu kaka akiwa hai, ila sikuwahi kupata ujasiri wa kumwambia.

Mikokoteni ikaanza kuja. Wiki ya kwanza friji tatu na mashine ya kufulia. Wiki ya pili friji nne. Kila mmoja alinipa pole, akakaa kidogo kwa heshima, halafu akasema, "Marehemu aliniambia ikisumbua nirudishe." Nilikuwa nikimaliza moja zinaingia mbili.

Jirani yangu wa banda la pili, fundi wa kusuka upya nyaya za mota, alikuwa akicheka peke yake.

"Hivi pale makaburini ulidhani unagombea udiwani?"

"Nilisema wanavyosema wote."

"Wote wanasema anayemdai. Wewe ukaweka na ahadi. Ahadi za fundi, bwana? Fundi gani Bongo hii anatimiza ahadi?"

Nikaendelea kufungua skrubu.

"Funga banda, panda basi la alfajiri," alisema. "Watakufuata Kilwa na friji mgongoni?"

Nisidanganye, nililifikiria. Asubuhi moja niliweka geji ya kupimia gesi na tochi ya kuchomelea kwenye begi, nikavuta mlango wa bati, nikasimama na kufuli mkononi. Mabasi mawili ya mwendokasi yalipita. Nikafungua tena. Nimelelewa nikiamini kwamba deni la marehemu linamzuia huko aliko, na niliamini hivyo kwelikweli, si kwa mazoea. Kila friji iliyokuwa ya moto niliiona kama imemshika kaka mguu. Kwa hiyo nilikaa. Lakini nilikaa kama mtu aliyefungiwa. Nilikula nikiwa nimesimama, na mtu akitamka neno marehemu nilianza kutafuta bisibisi hata kabla hajasema shida yake.

Siku moja alikuja mama mmoja mtu mzima wa Kariakoo, anayeuza barafu za ubuyu na za ukwaju kwa wachukuzi na watoto wa shule. Alikuja kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba. Makaburini sisi wanawake hatuendi, ila mwanangu alikuwepo. Alikusikia."

"Najua alinisikia, mama."

"Basi friza haigandishi."

Nilimfuata mpaka kwake. Ni nyumba ya zamani ya vyumba sita, imebanwa na maghorofa pande zote mbili, na friza iko uani chini ya kibaraza. Ilikuwa inanguruma, lakini ndani maji yalikuwa maji. Nikaigeuza. Kompresa ilikuwa ya moto kuliko inavyotakiwa, na karibu na mguu wake rangi nyeusi ilikuwa imebanduka. Nikaikwangua kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na kutu, na chini ya kutu alama iliyochongwa na fundi mwingine, wa zamani, nisiyemjua.

Kaka alikuwa amemwambia hiyo ni kompresa mpya.

Rangi ile niliitambua kwa sababu niliipuliza mimi. Kaka alikuwa akileta kompresa kuukuu mbili au tatu ndani ya kiroba, ananiambia, "Hizo zipige rangi." Nilizitandikia gazeti nyuma ya banda, nikafunga midomo ya mirija kwa gundi ya karatasi ili rangi isiingie, nikapuliza taratibu isichuruzike. Nilikuwa na mkono mzuri wa rangi. Sikuwahi kuuliza zinakwenda kwa nani. Sitasema nilikuwa sijui. Sikuuliza kusudi nisijue.

"Vipi?" mama aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

Kila fundi ana umeme wa kusingizia. Umeme umekatika, umerudi kwa nguvu, umeua kompresa, na hakuna mteja anayebisha. Neno hilo lilinifika mdomoni. Halafu nikasema, "Mama, hii kompresa haikuwa mpya."

"Alisema mpya."

"Ilikuwa kuukuu. Ikapakwa rangi."

"Nani aliipaka?"

"Mimi."

Akageuza ndoo akaikalia. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta sura aliyowahi kuiona.

"Kumbe mlikuwa wawili."

"Tulikuwa wawili."

Nikamwomba amsamehe kaka. Niliomba kwa mikono miwili, nikiwa bado nimechuchumaa kwenye vumbi la friza, na machozi yalinitoka ambayo msibani sikuyatoa. Nilikuwa nimemkasirikia kaka, na nilikuwa namtaka arudi, vyote kwa wakati mmoja.

"Marehemu nimemsamehe," alisema. "Nimemsamehe hapahapa, Mungu shahidi. Lakini wewe hujafa."

Nikajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Za watu wengine mlizipaka ngapi?"

"Sijui, mama. Nyingi."

"Wenyewe wanajua?"

"Hawajui."

"Haya," akasema, akainuka kwenda kupepeta mchele wake.

Chumbani kwangu kulikuwa na friji yangu mwenyewe, nimeshaifunga kwa maboksi na kamba, inangoja lori la kwenda Kilwa. Nilikata kamba, nikatoa kompresa yake. Ilikuwa ya ukubwa uleule. Siku ya pili nikaifunga kwenye friza ya yule mama, nikachomelea, nikaitoa hewa ndani ya mirija kwa pampu, nikajaza gesi, nikakaa uani mpaka mirija ikaanza kutoa jasho la baridi. Asubuhi yake nilirudi kuangalia. Akanipa barafu moja ya ubuyu, ina pilipili, nikaila pale mbele yake kama mtoto aliyeambiwa amalize. Hakusema asante, na mimi sikuitegemea.

Arobaini ikapita. Wiki mbili baadaye nilimpigia mke wangu.

"Unakuja lini?"

Nikamweleza yote: rangi, yule mama, na kwamba sasa siwasubiri waje. Ninawafuata mwenyewe wale ninaowakumbuka, nafungua nyuma ya friji zao, nawaambia. Wengine wananitukana. Mmoja alinifukuza bila hata kuniacha nitengeneze.

"Na friji yetu?" aliuliza.

"Imebaki ganda."

Nyuma yake nilimsikia mtoto wetu mdogo akigombana na mtu juu ya kijiko.

"Kule kiwandani wameshapata mtu," alisema.

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita. Nilikuwa nangoja nione kama utaniambia mwenyewe kwamba huji."

"Nakuja."

"Mwezi gani?"

Nikaanza kumhesabia nyumba zilizobaki, ili aone kwamba zina mwisho. Mbili Kariakoo, kwenye mtaa wa wauza vitenge. Moja kwa muuza soda Mchaga, aliyetoka Rombo. Moja Kivukoni, kwa mama wa chai karibu na Feri. Moja ghorofa ya nne, kwa mwalimu mstaafu. Nilipofika ya sita nikagundua ameshakata simu.