Magunia ya Chupa Kando ya Bwawa la Viboko

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: Jumamosi niwarudishe wanafunzi mtoni, au niwazuie na kazi iniponyoke? Nikiwarudisha, mtoto anaweza kufa. Nikiwazuia, bado nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, na nyumbani walishatangaza kwamba binti yao amepata kazi kwenye utalii. Niligeuza jambo hilo huku na huku mpaka nikaanza kujichukia.

Nyie vijana mnaoingia kazi hii leo mnakuta ina jina refu. Katikati ya miaka ya tisini, siku niliposhuka treni Mpanda na shahada yangu ya zoolojia, Meneja wa kambi aliniambia tu, "Wewe utashughulika na wanakijiji na uchafu." Kambi yetu ya watalii ilikuwa nje kidogo ya kijiji cha Sitalike, kando ya hifadhi ya Katavi. Siku hiyohiyo alinionyesha shimo la taka, yaani handaki la kufukia mabaki ya jikoni, ambalo fisi walilifukua kila usiku. Wazungu wake walikuwa wameacha maji ya kuchemsha na sasa wanakunywa ya chupa. Chupa zilijaa kila mahali.

Nikaanzisha klabu na wanafunzi wa sekondari moja ya Mpanda. Kila Jumamosi lori la kambi liliwaleta kuokota chupa kando ya bwawa la viboko mtoni, madereva walikozoea kusimamisha magari ili wageni wale lanchiboksi, chakula cha mchana kilichofungwa. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu mwanafunzi akionekana na fagio au jembe, watu huona ndiyo masomo yanaendelea. Hata mimi niliona hivyo, na nilijisifu sana.

Lakini magunia hayakupungua. Wiki hadi wiki yaliongezeka. Nikadhani nahesabu vibaya, kisha nikadhani wageni wameongezeka, mpaka Yustina, msichana wa kidato cha pili kutoka kijiji cha Mamba, aliponichosha kwa maswali.

"Madam, hivi sisi tunapunguza au tunawasaidia kutupa?"

"Tunapunguza, Yustina."

"Mbona yule mzee anatupa huku anatuangalia?"

Yule mzee alikuwa Mzee Kalonga, dereva mkuu wa kambi. Nikamfuata.

"Shikamoo mzee. Chupa hizo si ungerudi nazo kambini?"

"Marahaba mwanangu. Nikirudi nazo, watoto wako watafanya nini? Watakuja kupunga upepo?" Madereva wenzake wakacheka. Mmoja akadondosha chupa nyingine, taratibu, kama anamlisha kuku.

Kiangazi kikakaza. Msimu huo maji ya Katavi hukauka, viboko wakabanana kwenye tope, wengine wakalala kwenye nyasi za ukingoni. Kanuni ya kwanza ni kutosimama kati ya kiboko na maji. Niliwafundisha wanafunzi kanuni hiyo, ila chupa hazikuijua. Zilibingirika mpaka chini, na Yustina akazifuata. Kiboko akatoka kwenye nyasi nyuma yake, akielekea majini. Mtoto alitupa gunia, akaparamia ukingo kwa mikono na magoti. Ndala yake moja ilibaki kwenye tope.

Nilimweleza Meneja.

"Ndala nitamnunulia," alisema.

"Meneja, siongelei ndala."

"Sasa sikiliza, Bi Sayansi. Jumamosi wanakuja mawakala kutoka Arusha, wale wanaotuletea wageni. Nimewaambia tuna wanafunzi wanaosafisha mto. Wanataka picha. Waje wamevaa sare."

Hapo nilielewa nilichokuwa nimekijenga. Watoto hawakuwa wanaondoa taka tena. Walikuwa kivutio kingine, baada ya viboko.

Jumamosi lori lilipofika, nilimwambia dereva asimame mlangoni mwa jiko. Mpishi alikuwa ameshachemsha na kuchuja maji kama nilivyomwomba. Wanafunzi wakayajaza kwenye madumu yenye bomba, wakapanga vikombe vya bati vya wageni kunywea, kisha wakaanza kushusha katoni za chupa kutoka kwenye magari. Mawakala walikuwa wanamaliza chai, wakageuka kutazama.

"Na wageni wakiharisha?" Mzee Kalonga aliuliza.

"Maji hayohayo unakunywa wewe kila siku, mzee. Umeharisha lini?"

"Tumbo langu ni la hukuhuku," alisema, ila akasogea kuwapisha.

Meneja alikuja mbio, akashusha sauti kwa ajili ya mawakala. "Wapeleke mtoni. Sasa hivi."

"Hakuna mwanafunzi atakayeshuka mtoni. Leo wala Jumamosi nyingine."

"Na zile chupa zilizoko kule?"

"Waliozitupa wanajua zilipo."

"Unajua unachezea kazi yako?"

Nilijua. Wiki nzima sikuwa nimewaza kingine. Yustina alikuwa amesimama karibu na dumu akisubiri kuona nitasema nini. Nililinyanyua dumu lile, zito hata mkono ukanivutika, nikalipakia nyuma ya gari la Mzee Kalonga na kufunga mlango.