Mzinga Niliouleta Darasani

Nyie chekeni tu, mimi aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini, na hadi leo nikishuka Sitalike kuna mama muuza dagaa, mwanafunzi wangu wa zamani, akiniona anavuma kama nyuki halafu anasema shikamoo mwalimu.

Nilikuwa mgeni kazini, bado sijathibitishwa, na mwalimu mkuu alishanionya kwamba michezo yangu (kuimba hesabu, kupima shamba la shule kwa kamba) itanirudisha kwetu Kabungu nikalime mahindi. Mara tukaambiwa mkaguzi anakuja kunitazama nikifundisha wadudu wenye faida. Mwenzangu yeyote angechora nyuki ubaoni akamaliza, mimi nikaazima kwa jirani mzinga mtupu wa gogo, nikauweka chini ya dirisha (madirisha yetu yalikuwa matundu tu), na kwa kuwa nilitaka watoto wanuse, si kutazama tu, nikayeyusha nta nikaupaka ndani kote. Mimi, mtoto wa warina asali, na ni msimu wa makundi ya nyuki kuhama!

Asubuhi nikakuta nyuki wachache wanaingia na kutoka. Nikafurahi, nikaona zana yangu imepata uhai.

Mkaguzi alikaa nyuma, mwalimu mkuu pembeni yake. Chaki ilinivunjikia mkononi, lakini watoto walinusa, wakagombania kujibu, na mkaguzi akawa anaandika huku anatabasamu, nikajua kazi nimeipata. Kisha akauliza mwenyewe kwa nini mzinga unapakwa nta.

Akasimama Sada, binti mpole wa dawati la mbele, macho yakiwa dirishani.

"Ili nyuki wanaotafuta nyumba waingie. Wale wa asubuhi walikuja kukagua."

Kabla hajakaa tukasikia mvumo kama wa lori linalopanda kilima, ukakaribia, ukakaribia, dirisha likawa jeusi.

Natamani kuwaambia niliwakinga watoto. Niliruka dirisha la pili, sketi ikanasa ikachanika, nikakimbia huku napunga mikono hadi barabarani, na nilipogeuka hakuna aliyenifuata. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi kimya, kama walivyofundishwa nyumbani, wakamlaza na mkaguzi, na mwalimu mkuu naye, kisha wakatoka wanatambaa mmoja mmoja. Nyuki wakaingia mzingani kwa amani. Aliyeumwa ni mimi peke yangu, mdomoni.

Mkaguzi alinifuata, amemshika Sada mkono, suti imejaa vumbi.

"Somo limeeleweka, mwalimu," akasema taratibu. "Ila lilipofika penyewe, wewe hukuwepo."

Nililia pale pale barabarani. Kuthibitishwa nikasubiri mwaka mwingine mzima.

Vitu halisi sijaacha kuvipeleka darasani, wala sitaacha. Ila nimeapa, kwanza nawauliza watoto wanavijuaje, na likitokea la kutokea, wa mwisho kutoka ni mimi, tena kwa mlango.