Kabati Lisilo na Milango

Baba yangu aliacha pombe mwaka niliomaliza chuo. Hakuombewa wala hakwenda kwa mganga. Aliamka tu Jumapili moja akajikuta mtaroni pale Themi, majirani wakipita kwenda kanisani, akaona aibu. Mikono iliyokuwa ikitetemeka hata kushika randa ikatulia, akarudi kwenye useremala wake. Nilipopata mchumba aliniambia, "Kabati lako nitalitengeneza mwenyewe, mama. Huolewi na la dukani."

Kwetu Wachaga posa haiji mikono mitupu. Wachumba huleta mbege, pombe yetu ya ndizi, binti huulizwa kama inywewe, naye akikubali huionja na kumpa baba yake kata ya kwanza. Baba akiikataa, amemkataa mchumba. Basi mimi na mama tukampikia baba togwa isiyolevya, tukaitenga kwenye kibuyu chake. Wakwe tuliwaeleza mapema, wakaridhika.

Hatukumweleza baba mkubwa. Alishuka kutoka Kilimanjaro asubuhi hiyo, mtu wa kupenda mila, hasa zile zinazonyweka. Nilipopiga magoti mbele ya baba, baba mkubwa aliinyakua kata akaionja.

"Hii ni togwa! Jamani, tumekuja kwenye posa au kliniki ya watoto?"

Watu walicheka. Nikasema, "Baba mkubwa, unajua baba hatumii tena."

"Kata moja haijaua mtu. Au mnataka wageni waondoke wakisema kijana wao amekataliwa?"

Aliijaza kata mbege mwenyewe, akanirudishia. Mama akatazama sakafu. Nilibaki nimepiga magoti na ile kata, siipeleki mbele wala sirudi nayo nyuma.

"Lete, mama," baba alisema kwa upole. "Isiwe mimi wa kukuharibia."

Aliinywa yote.

Nilimchukia baba mkubwa pale pale, na sijaacha. Jioni ile baba aliwasindikiza wageni vizuri tu, akiwatania, nikadhani mama anaogopa bure. Wiki iliyofuata akaanza kuchelewa kurudi kutoka karakana. Mbege ikawa haimtoshi, akahamia kwenye gongo. Siku ya harusi yangu aliingia kanisani ameshikwa huku na huku, na kabla sijajifungua mtoto wa kwanza tulikuwa tumeshamzika. Ini lilikuwa limekwisha. Baba mkubwa alilia msibani kuliko wote, halafu akauliza kama kuna kinywaji.

Kabati liko sebuleni kwangu, Terrat. Ni la mninga, kona zake zimekaa sawasawa, ila milango hakuwahi kuitengeneza. Mume wangu alitaka kuita fundi nikakataa, nikatundika kitenge. Mama mkwe akija hupenda kukaa kwenye kiti kinacholitazama. Hunywa chai yake taratibu na kuwasimulia wageni posa yangu ilivyokwenda kwa heshima, kwa mila zote, hakuna kilichopungua.