Kamba ya Nyavu Katika Shamba ya Kalanga

Miaka ile ya Babeleji, Bazungu benye balitutawala, mi nilikuwa kasichana kadogo hapa Baraka, kando ya ziwa, na kukaa chini sikujua! Kama kwetu kuko neno, ninatoka, ninaingia, ninatoka tena. Musimu ule neno lilikuwa kalanga ya mama.

Monitere wa mashamba, muntu mweusi kama sisi ila na kofia ya Kizungu, alipita na kinga yake, baisikeli ya serikali, kengele inalia kila mulango.

"Kumwaga kalanga pamoja na muhindi na maharagi, basi, imeisha! Sasa ni mustari. Munyooshe kamba, mashimo karibu-karibu, mutavuna kupita zamani. Nitarudi kuangalia. Shamba yenye haina mustari, baba wa nyumba anafungwa, anaenda buloko."

Sasa kamba tutaitosha wapi? Kwetu ilikuwa moja tu, ya nyavu ya papa, baba yangu, yenye alivulia ndagala, tusamaki tudogo twa ziwa. Mvua ya kupanda ilikuwa imeanza, mama akaifungua kamba kwa nyavu. Papa akalalamika:

"Eh, mama batoto! Mwezi haiko, giza ndiyo ya kuvua, ndagala iko inaningojea!"

"Ingojee. Ama unataka kukula ndagala ya buloko?"

Bamama ba jirani bakakuja, tukapanda na nyimbo. Mustari ulinyooka, jamani! Mi nakimbia huku, nakimbia kule, mpaka bananifukuza na jembe.

Asubuhi tukafika shambani: mbwa! Mbwa za muji muzima! Kamba ile ilikuwa imekunywa ndagala miaka na miaka, pahali pote tuliilaza harufu ikabaki. Mbwa zilichimbua mustari kwa mustari, zilifuata vizuri kuliko sisi. Kalanga imetapakaa juu, ingine imepotea.

Mama akaweka mikono kwa kichwa. Papa alicheka, alafu akakumbuka buloko, akaanza kuokota kalanga.

Bamama balituokoa. Huyu analeta kalanga kwa kitambaa, yule kwa sahani, balitoa mbegu yao bila maneno mingi. Tukasugua kamba na majivu na ndimu, tukapanda tena. Kisha sisi batoto tukabaki shambani na fimbo. Mi nafukuza mbwa, lakini sikio iko kwa barabara. Kitu kikilia kidogo, naruka: kengele! Kumbe ni sufuria ya muntu. Papa naye anazunguka nyumba, hawezi kwenda ziwani, kamba yake iko shambani mpaka Monitere aione, hawezi kulala.

Siku ingine kengele ikalia kweli.

"Huyu mutoto na fimbo anafanya nini?" Monitere anauliza.

"Analinda mustari yako," mama anajibu.

"Juu ya nani?"

"Mbwa."

Bamama bakaangua kicheko. Mama akamwelezea yote. Monitere akainama, akanusa kamba, akakunja pua.

"Na majivu yenu yote, iko inanuka! Lakini mama, mi sioni majani. Kuko kitu huku chini?"

Mama akapiga magoti, akafukua na kidole, akatosha kalanga moja. Ilikuwa imetoa kamukia keupe, muzizi wa kwanza.

Monitere akafukua mbele, yeye mwenyewe. Kamukia. Upande wa pili, kamukia.

"Papa atalala kwake," akasema.

Papa hakungoja hata kumuaga! Akang'oa vijiti vyenye vilishika kamba, akaikunja kwa bega, mbio ziwani, mbwa zote nyuma yake, na mi nyuma ya mbwa.

Kalanga ilizaa kupita zamani, siwezi kudanganya. Mama akasokota kamba yake ya shamba, akaifunga juu ya mulango, na papa alikatazwa hata kuigusa.