Bomani Baba Amekufa, Nyumbani Yu Hai

(Jina la aliyetuletea habari hii tunalo sisi, na hapa kwetu halitoki. Majina ya watu wake pia tumeyaondoa. Wasomaji, someni kwa utulivu, kisha mjibuni dada yenu.)

Bwana Mhariri, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Kisarawe, nimeolewa upande wa Kibaha na nina watoto watatu. Shoga yangu aliyesoma ndiye ananiandikia. Amenishauri nipoe kwanza, nami nimemwambia nikipoa sitasema tena.

Baba yangu simjui. Alichukuliwa kubeba mizigo katika vita ya Mwingereza na Mjerumani, mimi nikiwa tumboni. Alichukuliwa pamoja na mdogo wake. Mdogo akarudi, kaka hakurudi. Baba mdogo huyo ndiye aliyenilea, ndiye aliyeniozesha kwa mwanawe, kwa hiyo ni baba yangu na ni mkwe wangu. Na ndiye aliyeshika minazi yote ya baba na shamba la mpunga la bondeni, kwa maneno kwamba anamwekea kaka yake mpaka atakaporudi.

Maana kwetu, baba hajafa. Hakukaliwa matanga, hakusomewa hitma, mama hakukaa eda. Kila ndugu wakianza kunong'ona kwamba mtu huyu amekawia mno, baba mdogo huja na habari mpya. Ameonekana Mahenge. Ameonekana Lindi, ameoa huko. Fundi cherehani mmoja wa Mlandizi, mtu mpole, alileta posa kwa mama mara mbili. Baba mdogo alimfukuza kama mwizi. Alimwambia, "Huyu ni mke wa mtu. Huna haya?" Mama wakati huo alikuwa kijana, jino halijamtoka. Leo anatembea kwa mkongojo, na bado kila Idi anaitoa kanzu ya mumewe sandukuni, anaianika, anaikunja, anairudisha.

Sasa sikilizeni. Kila mwaka bomani kuna ile siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Tarumbeta inapigwa, watu wanasimama kimya, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, anaweka majani na maua. Sisi wanawake hatukuwa na shughuli huko. Baba mdogo tulimwona tu akitoka na kanzu nyeupe, na akirudi na ua jekundu la karatasi kifuani. Mwaka huu jumbe alitaka wanawake wa kupika wali wa wageni, nami nilikuwa nimekuja kumtazama mama, nikaitwa.

Tulikuwa na masufuria yetu nyuma ya boma. Wakati wa kunyamaza ulipofika tukaambiwa tuweke chini hata miiko. Basi palipokuwa kimya vile, kila neno lililofuata nililisikia. Baba mdogo aliitwa mbele aseme kwa niaba ya wafiwa. Akasema, huku analia, "Kaka yangu alifia njiani kwa homa, mzigo haujashuka kichwani. Nilimzika kwa mikono yangu hii."

Nilimfuata alipokuwa anakwenda kunawa.

"Baba mdogo, kumbe ulimzika baba?"

"Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe, sasa hivi, mbele ya Bwana Shauri."

Hata hakubadilika uso. "Yale ni maneno ya bomani," akasema. "Mzungu anataka maiti, nimempa maiti. Ya nyumbani ni ya nyumbani. Nenda kapakue wali."

Nikapakua. Nikajiambia labda alimdanganya Mzungu ili akae kwenye kiti cha mbele, mwongo ni mwongo. Ndipo nilipompelekea sahani mzee mmoja aliyebeba mizigo pamoja nao. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni binti wa nani, nikamuuliza.

Akaniambia, "Mwanangu, tulimzika sisi wawili, mimi na baba yako mdogo. Majembe hatukuwa nayo. Tulichimba kwa sahani za bati."

"Mbona hukuwahi kusema, babu?"

"Msemaji wa ukoo wenu ni yeye, mimi ni mtu wa pembeni. Lakini kadhi akiniita nitaapa. Mimi mwenyewe karibu nakwenda, sitaki kwenda na hili. Ila wa kunipeleka awe mwenye haki yake."

Mwenye haki ni mimi na mama. Basi ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mtu amemtia ndugu yake mchangani kwa sahani, akarudi akamwambia mkewe ngoja. Minazi! Kwa ajili ya minazi mama yangu amezeeka akimngoja maiti, na mwizi wake anapewa ua la kuvaa kifuani.

Nilimweleza mume wangu nikidhani atashtuka. Hakushtuka, akasema, "Ukimfikisha baba yangu kwa kadhi, talaka yako ipo. Na watoto ni wa ukoo huu, hawatoki." Kumbe naye alikuwa anajua. Mwanamume ninayempikia kila siku.

Yule mzee anakohoa sana. Akifa, ushahidi umekwenda naye. Nikisema, napoteza watoto. Nikinyamaza, nitakuwa nakula nazi za baba yangu pamoja na waliomnyima hata hitma.

Siku ile nilirudi kwa mama jioni na wali uliobaki. Alikula kidogo, kisha akaniuliza, "Huko bomani, hakuna aliyetaja habari za baba yako?" Nikamwambia sikusikia, nilikuwa jikoni. Akasema, "Haya, atakuja tu."

Ndugu zangu wasomaji, nishaurini nifanye nini. Na aliye na mama anisaidie hili moja: nitaanzaje kumwambia kwamba amekuwa mjane tangu kabla sijazaliwa?