Mbegu Alizozipepeta Mama

Huku Marekani Mama yangu alipelekwa Louisville, kisha Columbus, kisha Buffalo, na hakuna hata safari moja aliyoulizwa. Alianzia kwa kaka yangu, kule Shively, pembeni ya Louisville. Kaka na mkewe wakamwambia, "Mama, umehangaika sana kambi ya wakimbizi, sasa pumzika." Kwa dada yangu Columbus, vilevile: pumzika. Alipofika kwangu Buffalo, mtaa wa Lower West Side, nami nikamwimbia wimbo uleule. Akigusa sufuria, namnyang'anya. Akishika ufagio, "Aa, Mama, acha bwana!" Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wanawe tukampa rimoti.

Basi akaanza kufifia. Chakula anaonja tu. Haongei. Nikitoka kazini ghalani namkuta kitandani, kanga begani, anatazama ukuta. Niliogopa, sifichi. Nikampigia kaka, naye kama kawaida yake akatoa amri: Jumamosi anakuja, anamrudisha Louisville. Mama alipoambiwa alisema, "Mtakavyo." Afadhali angenitukana.

Sasa binti yangu. Anasoma habari za mimea chuoni, kule Amherst, na mimi nikimsemesha Kiswahili yeye ananijibu Kiingereza. Kwenye nyumba ya vioo ya chuo chao wana mmea wa jangwani uitwao welwichia, asili yake Namibia na Angola. Majani mawili tu maisha yake yote, marefu, yamechanikachanika. Ukiuona utadhani mtu kasahau matambara chini. Upo wa kiume na upo wa kike, kila mmoja na shina lake. Hauzai matunda, unatoa koni, kama zile za msonobari: za kiume ndogo nyembamba, zina rangi ya waridi iliyopauka, za kike nene, magamba yamelaliana kama vigae. Binti yangu alichukua chavua ya kiume kwa brashi, akaipaka koni za kike, akangoja miezi na miezi. Zilipokauka na magamba kuanza kuachana, akapewa koni chache aoteshe mbegu zake mwenyewe. Ijumaa akaja nazo kwenye mfuko wa karatasi, akaziweka mezani jikoni.

Jumamosi asubuhi Mama akauona ule mfuko kabla yetu. Mwanamke wa kwetu haachi kitu kikavu chenye mbegu kikae tu mezani. Alizifikicha zile koni kwa viganja, kama ulezi, akatoa ungo wake aliokuja nao kutoka Tanzania, akasimama barazani. Na upepo wa ziwani ulivyo! Akapepeta. Nilimkuta uso umechangamka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu aje.

"Nimewasafishia," akaniambia. "Lo, zilijaa makapi!"

Kwenye ulezi, chepesi huenda na upepo, kizito hubaki. Kumbe kwa welwichia ni kinyume. Mbegu yake ni bapa, pande zote ina utando mwembamba kama karatasi, mabawa kabisa, maana kule jangwani anayeipanda ni upepo. Kwenye ungo yalibaki magamba na vijiti. Mbegu zilikuwa uani, kwa jirani, chini ya magari.

Binti yangu akatoka, akaona, akapiga ukelele. Nikamwahi: "Mwache bibi yako! Mama, ingia ndani ukapumzike."

Akanigeukia, tena kwa Kiswahili, mtoto huyu! "Asipumzike! Bibi kazimwaga, Bibi ataziokota. Bibi, shuka huku."

Jamani, nilitaka kumzaba kibao. Lakini Mama alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, anashuka ngazi.

Waliokota asubuhi nzima, wameinama vichwa karibu vigongane. Binti akamwonyesha: bonyeza katikati, ikiwa tupu itupe, ikivimba ina uhai, ukiona unga mweusi hiyo imeliwa na ukungu.

"Wewe mtoto, mimi unifundishe kubonyeza mbegu?" Mama akacheka. Nilikuwa dirishani, machozi yakanitoka tu. Wakabishana juu ya udongo: Mama anataka mweusi wenye mbolea, binti anataka mchanga, kwa sababu unyevu mwingi utaziozesha. Mchana Mama akapaza sauti, "Nyie, hamli nyumba hii?" Akala ugali na dagaa, akaomba kuongezewa.

Kaka alifika jioni, funguo za gari mkononi. Aliwakuta sakafuni, bibi na mjukuu, wanajaza mchanga kwenye vipande virefu vya bomba, maana mzizi wa welwichia unashuka chini moja kwa moja.

"Mama, funga mizigo. Kesho baada ya ibada tunaondoka."

"Karibu, mwanangu, pole na safari," Mama akasema, mikono bado mchangani. "Kesho utarudi peke yako."

Kaka akanitazama mimi, kana kwamba nimemloga. "Kwani kwangu Mama ulikosa nini? Si tulikupa kila kitu?"

Mama akakung'uta mchanga viganjani, akamshika mguu kwa upole. "Mlinipa, baba. Mungu awabariki. Lakini leo hapa nimeharibu kitu, nikagombezwa, nikaambiwa nitengeneze. Kwako muda wote ule, hukuniachia hata kitu kimoja cha kuharibu."